Karate ya Nani?

Vijana wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Nimechoka na hawa wenye mikanda myeusi wanaotamba kwamba Goju-ryu ni sanaa ya Kijapani, safi, haijaguswa tangu enzi za mababu. Mmoja alinikaripia mbele ya wenzangu, ati nimekosa adabu kwa kutaja China. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Kanryo Higaonna alizaliwa Naha, Okinawa, mwaka 1853. Wakati huo Okinawa ilikuwa sehemu ya ufalme wa Ryukyu, wenye mfalme wake. Japani iliufuta na kuufanya mkoa mwaka 1879. Higaonna alivuka bahari hadi Fuzhou, China, akajifunza kupigana, akarudi kufundisha. Mwanafunzi wake, Chojun Miyagi, naye alifika Fuzhou. Hata jina Goju, yaani ugumu na ulaini, Miyagi alilitoa kwenye Bubishi, maandishi yenye asili ya China. Mtindo ulipata jina hilo miaka ya 1930. Hizo ndizo enzi za mababu?

Halafu mwaka 1936 mabingwa walikutana Naha, Miyagi akiwemo. Wakakubaliana "kara" iandikwe kwa alama yenye maana ya "tupu", siyo ile ya zamani yenye maana ya "China". Matamshi yaleyale, lakini China imefutwa! Bahati nzuri kata hazikufutika. Suparinpei, kata ya juu kabisa ya mtindo huu, jina lake ni 108 kwa Kichina.

Na habari ya kutoguswa? Longolongo tu. Miyagi mwenyewe alitunga kata za Gekisai mwaka 1940 ili wanaoanza wasikwame. Baada ya vita vya 1945 Okinawa ilikaa chini ya Marekani hadi 1972. Askari wa Kimarekani walijifunza huko, wakarudi na karate kwao. Kitu kilichosafiri namna hiyo kitabakije vilevile?

Nawe unayeandika mashairi na hadithi, usikae ukitetemeka eti umeathiriwa na fulani. Higaonna aliathiriwa. Miyagi aliathiriwa, akaongeza chake. Kukopa si aibu, bwana. Aibu ni kumfuta uliyemkopa.

Kesho jioni nakwenda mazoezini kama kawaida. Nitainama, nitasalimu. Nikiulizwa tulikotoka, nitaitaja China tena.