Falaki Tumewaachia Wapiga Ramli



Hebu tuambizane ukweli. Ijapo posa nyumbani kwako, jambo la kwanza ufanyalo ni lipi? Wengi wetu hatuulizi dini ya kijana wala tabia yake mpaka kwanza jina lake na la mamake lipelekwe kwa mwalimu wa nyota. Huyo atazihesabu herufi kwa abjadi, azigawe kwa 12, kisha atamke: nyota zao hazipatani. Basi, posa imevunjika! Kijana mwema amerudishwa, binti amekaa, na pesa zimekwenda. Na kazi hiyo sisi twaiita falaki.

Huu ni msiba juu ya msiba. Wa kwanza ni wa dini, kwani Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwaendea makahini, na ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Wa pili ni wa elimu. Falaki kwa asili ni elimu ya vilivyomo mbinguni na miendo yake. Ndiyo aliyoitumikia Abdurrahman as-Sufi, ambaye mwaka 964 alitunga kitabu cha nyota baada ya kuzitazama na kuupima mwangaza wake. Ndiyo aliyoishika Ahmad bin Majid wa Julfar, nahodha wa karne ya 15, katika safari zake za bahari. Watu hao walikesha wakitazama juu. Mwalimu wako wa nyota hatoki hata uani!

Atasema mtu: "Lakini nyota zina siri." Vyema, na tumjibu kwa nyota. Katikati ya mwezi wa Juni, ukishasali Isha, kiasi cha saa mbili usiku, siku ambayo mwezi haujatoka, nenda ufukoni mbali na taa. Elekea kusini. Utaziona nyota nne zilizokaa kama tiara, na kushoto kwake nyota mbili kali. Katika hizo mbili, ishike iliyo karibu na zile nne. Yaitwa Hadar, jina la Kiarabu. Kutoka hapo panda juu mpaka nyota yenye mwangaza wa wastani, kisha endelea kupanda masafa kama yale yale, pungufu kidogo. Hapo pana nyota iliyofifia, kama iliyofunikwa na ukungu. Jina lake ni Omega Centauri. Ukiwa na darubini ya mkononi, utaona kitufe cha nuru kama pamba.

Watu wa kale waliihesabu kuwa nyota moja. Mwaka 1677 Mwingereza Edmond Halley aliitazama kutoka kisiwa cha Saint Helena, akatambua kuwa si nyota kama nyenginezo. Leo yajulikana kuwa ni nyota kiasi cha milioni 10, zimevutana na kufungamana kama mpira. Nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutumia kiasi cha miaka 17,000 kutoka huko mpaka kwenye jicho lako.

Sasa kamuulize mwalimu wako: katika hizo milioni 10, ya binti yangu ni ipi? Na nuru iliyoondoka huko miaka 17,000 iliyopita, imepata wapi habari za posa ya Ijumaa hii?

Wala asitokee mtu akasema kuwa kutazama nyota ni haramu. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Aali Imran, yawasifu wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mwenye makosa ni yule anayeziuliza nyota mambo ya ndoa na riziki, si yule anayezitazama akamjua aliyeziumba.

Basi ndugu yangu, posa ikija, uliza dini na tabia. Ada ya mwalimu inunulie darubini. Na usiku wa giza ukifika, wachukue wanao ufukoni uwaonyeshe kile kinuru cha kusini, kabla hawajafundishwa na mtu mwengine kukiogopa.

Wabillahi tawfiq.