Nahodha Aliuliza kwa Pima, Mashine Ikajibu kwa Mita

Usiku mmoja wa mwaka jana, kusi likiwa linakaribia kumalizika, mashua ya ami yangu ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na Kipini, pale mto Tana unapomwaga maji yake baharini. Tulikuwa watu watano, tukielekea Lamu na shehena ya saruji na mchele. Ilikuwa saa nne kasorobo, maji ni ya bamvua na yamekupwa kabisa. Hapakuwa na dhoruba, wala nahodha hakusinzia. Kilichotukwamisha ni neno moja ambalo halikutamkwa, na lawama yake naibeba mimi mwenyewe niliyekifunga chombo cha kutuongoza.

Chombo hicho si cha anasa. Ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ubao wake hautoshi hata kujaza kiganja. (Wanaisimu wenzangu waliogombana miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta watanisamehe, baharini hakuna aliyeniuliza.) Ilipotolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka 2012, iliuzwa dola 35. Nikaongeza kipokezi cha GPS, kioo kidogo, kadi ya kuhifadhia kumbukumbu, na kifaa cha kushusha umeme wa betri ya volti 12 hadi volti 5. Programu ya OpenCPN, inayochora ramani ya bahari na kuonyesha mahali chombo kilipo, hutolewa bila malipo. Vifaa vyote havikunigharimu shilingi elfu thelathini. Nilivifunga ndani ya mkebe wa plastiki usiopenya maji, na binamu yangu mdogo, kijana wa kidato cha nne, akajifunza kuviendesha kwa siku mbili.

Usiku ule ami hakuwa na yakini na njia, kwani mafungu ya Kipini huhama kila mto unapofurika. Akamwuliza kijana maji ni kiasi gani mbele. Kijana akatazama ramani, akasoma, "Moja nukta mbili." Ami akafahamu pima moja na zaidi, yaani mita mbili na ushei, nayo mashua ilizama karibu mita moja u nusu. Akaendelea. Msomaji ameshajua kwamba ramani ilisema mita. Tulikaa juu ya fungu lile hadi saa sita u nusu, maji yalipojaa kiasi cha kutunyanyua. Mkuku ulikwaruzika tu. Laiti pangekuwa mwamba, nisingeandika makala haya.

Yapo mambo ndani ya mashine hii ambayo yangemfurahisha mwanaisimu yeyote. Kipokezi cha GPS huitumia kompyuta taarifa zake kwa mistari mifupi ya herufi na tarakimu, na waliouweka utaratibu huo waliuita kila mstari sentensi. Mtoaji wa sentensi wakamwita msemaji, na mpokeaji msikilizaji. Sentensi hairuhusiwi kuzidi herufi 82, na mwishoni huwekwa hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani. Ni sarufi kali isiyokubali utata. Utata huingia pale habari inapotoka kwenye kioo kwenda kwenye sikio la binadamu, na hapo hakuna aliyejishughulisha kutunga sarufi.

Programu niliyoifunga ilizungumza Kiingereza, nami kwa kiburi cha digrii nikajitia kuitafsiri kabla ya safari. Nilitumia neno "mwelekeo" mara mbili, kwa mambo mawili yaliyo mbali. Programu hutofautisha upande ambao chombo kinatazama na upande ambao kinakwenda. Mkondo ukisukuma kutoka ubavuni, mawili hayo hayalingani hata kidogo, na GPS peke yake hulijua la pili tu. Ami, ambaye hakupita darasa la nne, alicheka. Kwake kuna "omo inakotazama" na kuna "chombo kinakokwenda", na hajapata kuyachanganya tangu utotoni.

Huko ndiko kwenye hoja yangu. Sisi wa vyuo vikuu hupenda kukaa Nairobi na kuunda istilahi kwa kuunganisha mizizi, ilhali istilahi za bahari zipo tayari, zimesuguliwa kwa karne nyingi. Tunazo joshi na demani kwa upande wa upepo na upande uliokingika. Tunazo tezi, dira, usukani na bildi, ule uzi wa risasi wa kupimia kina. Hata neno rubani, ambalo leo vijana hulijua kwa ndege tu, lilimhusu kwanza mwongozaji wa vyombo vya baharini. Lugha yenye hazina hii haina sababu ya kuingia kwenye kompyuta kama mgeni aliyebisha hodi kwa jirani.

Wala jambo hili si la fahari tupu. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na meli kubwa sasa hupita katika maji ya mashua na ngalawa. Meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa hulazimika kutangaza kwa redio jina lake, mahali zilipo na mwendo wake. Kwa kipokezi cha redio cha bei nafuu, kompyuta yetu huzinasa habari hizo na kuzionyesha kiooni. Lakini hupokea tu, haitangazi. Meli haituoni sisi. Anayepaswa kuepa ni mvuvi, tena upesi, na onyo la lugha asiyoielewa usiku wa manane halimfai kitu.

Tuliporudi nilibadilisha vipimo vya kina kuwa pima, jambo linaloruhusiwa na programu na ambalo ningelifanya siku ya kwanza lau ningeuliza. Kisha nilikaa na ami barazani jioni nne, daftari mkononi. Siku ya pili aliniambia, "Mwanangu, mashine yako yasema kweli. Lakini yasema na nani?"

Daftari hilo lina maneno sitini na moja. Maneno ya programu huhifadhiwa kwenye faili lililo wazi kwa yeyote anayetaka kulitafsiri, na kazi hiyo nimeianza pamoja na wanafunzi wangu wawili. Limetushinda neno la ile nukta anayoiweka nahodha njiani ili aielekee kabla ya kugeuza. Ami husema "alama" tu, lakini alama ni nyingi mno. Wasomaji wa Vanga, Gazi, Faza na Kizingitini wanaolijua neno lake waniandikie kupitia kwa mhariri.