KIPI BORA CHA WALIBORA?

Muhula uliopita chama chetu kilipiga kura: kazi ipi ya marehemu Ken Walibora ni bora na ipi ni duni? "Siku Njema" (1996) ikaibuka kidedea, "Kidagaa Kimemwozea" (2012) kikavuta mkia. Mimi nasema kura hiyo haikuwa ya haki.

Ati Kidagaa kinachosha! Dada yangu alikitahiniwa katika KCSE 2016, na hadi leo akiona jalada lake anakumbuka "fafanua" na "thibitisha" tu. Mimi nilisoma nakala yake hiyo hiyo bila swali lolote. Mwalimu Majisifu alipomwibia Amani mswada, nilikasirika kana kwamba nimeibiwa mimi!

Siku Njema naipenda pia, jamani. Nani hakumhurumia Kongowea akimtafuta baba hadi Kitale? Lakini hiyo wengi wetu tuliisoma kwa hiari, chini ya mwembe. Kidagaa tumekisikia kwa kaka na dada waliochoshwa na mtihani.

Ndugu Katibu, kura irudiwe, na ainue mkono aliyesoma vyote viwili. Nakala ya dada nimeiweka kabatini mwa chama. Msiikunje kurasa, tafadhali, ataniua.