Kompyuta mpya ndani ya maboksi

Juzi nilipita chuo kimoja cha ufundi upande wa Malaba (jina naliweka kapuni). Kompyuta bado zimo ndani ya maboksi. Mkuu wa chuo, fundi hodari wa kuchomelea, aliniambia wazi: hakuna aliyewahi kumfundisha kupanga bajeti ya intaneti. Alipandishwa cheo kwa kuwa mwalimu mzuri, basi!

Simlaumu. Katiba ya 2010 ilivipeleka vyuo vya vijijini kwa kaunti, sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013 ikaja na masharti yake. Kenya School of TVET, inayowanoa walimu wa ufundi, iko Gigiri, Nairobi. Hiyo ni safari ya usiku mzima kwa basi. Alupe je? Iko hapa hapa Busia, na tangu 2022 ni chuo kikuu kamili. Wakuu wakutane pale kila likizo, siku 3 tu, kila mmoja aje na bajeti yake halisi. Vyeti baadaye.

Malori yanayopanga foleni kuingia Uganda siku hizi yana injini za kompyuta. Nani atayatengeneza?

Somo la Excel nitafundisha mimi, bure. Hata nauli ya boda nitajilipia.