Mapenzi Hayashiki Panga

Kamanda wa polisi wa mkoa anataja jina la marehemu, umri wake na kijiji, kisha anamalizia: chanzo cha tukio ni wivu wa mapenzi. Kesho yake magazeti yanayabeba maneno hayo kama yalivyo, na msomaji anaguna, masikini, kumbe alimpenda kupita kiasi. Mwanamke amelazwa chumba cha maiti, nasi tunazungumzia mapenzi ya aliyemuua!

Tumelelewa tukiambiwa asiye na wivu hana mapenzi. Binti akilalamika kwamba mchumba anampekulia simu, anamchagulia nguo, anamkataza hata kwenda kwa shangazi yake, shoga zake humwambia ashukuru, anapendwa. Hapendwi huyo, anachungwa. Wivu kila mtu anaujua. Unachoma, unanyima usingizi. Lakini uchungu wake ni wa mtu anayejifikiria mwenyewe: anaogopa kunyang'anywa alichokihesabu kuwa mali yake.

Sheria haina huruma nyepesi kama ya yule msomaji wa gazeti. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hulishusha kosa la mauaji kuwa kuua bila kukusudia pale mtu alipochokozwa ghafla na kutenda kabla hasira haijapoa. Sasa zisomeni habari hizo kwa makini. Mtu amenoa panga mchana, amesubiri giza, amemvizia mwenzake njiani. Hiyo ghafla iko wapi?

Septemba 2024, wiki tatu tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, Mganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans Nzoia, Kenya. Alifia hospitalini Eldoret. Aliyemchoma ni mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye, na ugomvi ulioripotiwa ulikuwa wa kiwanja kilichojengwa nyumba. Kiwanja! Tukizoea kuziita habari za namna hii wivu wa mapenzi, hatutauliza tena kuhusu ardhi, fedha, wala vitisho vilivyotangulia.

Makamanda na wahariri, acheni kuyaandika maneno hayo. Semeni alichofanya mtu: alimpiga mara ngapi kabla, nani aliambiwa, kituo gani kilipokea malalamiko. Na kama mwanamke aliuawa kwa sababu alisema anaondoka, andikeni hivyo hivyo: aliuawa kwa sababu alisema anaondoka.