Kabla Hujatundika Mistari Kwa Keja

Ingia keja za Eastlands siku hizi, kuanzia Umoja hadi Donholm, na juu ya kochi utakuta picha ya mistari. Rangi tano sita zimenyooka toka juu hadi chini, hakuna mtu wala mti. Ni noma, nakubali. Yangu niliitoa kwa jamaa wa kuchapisha huko tao, shilingi 900, akiapa ni chapa ya kudumu itakayoishi miaka mia.

Jua la saa kumi liliipiga miezi minane. Nyekundu ikaenda, manjano ikaifuata, ikabaki samawati ya bango kuukuu la kinyozi.

Picha ya simba ikichujuka bado ni simba. Mistari haina simba wa kuiokoa. Kazi nzima ni rangi moja kukaa kando ya nyingine, na zikihama umetundika karatasi tu.

Yangu ilikuwa nakala ya Bridget Riley, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa 1931. Alizuru Misri kati ya 1979 na 1980, akaona rangi za makaburi ya kale ya Luxor, akarudi kwao kuchora mistari kwa rangi za aina hiyo. Zile za makaburini zimekaa gizani maelfu ya miaka. Zangu zilishindwa na dirisha la Umoja.

Kwa hivyo uliza kabla ya kutoa doo. Wino ni wa pigmenti ama ule wa bei rahisi unaochujuka? Karatasi ni ya pamba, isiyo na asidi? Jamaa akianza kukuzungusha, sepa.

Swali gumu ni hili: mchoraji amelipwa? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda mchoro maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Riley yuko hai, na faili ya jamaa wangu ilitoka kwa mtandao. Utaniambia, buda, nani Uingereza atalala njaa kwa sababu ya mia tisa zako? Hakuna. Lakini anayeiba ya London leo hatashindwa kuiba ya msanii wa Buruburu kesho, na huyo ndiye wa kulala njaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na naishi kwa kuandika. Nikinakiliwa huwa napiga kelele, kumbe ukutani nilikuwa na mali ya wizi.

Msumari nimeuhamishia ukuta wa mlango, jua lisikofika. Kuna dada wa Jericho anayechora. Nimemwomba mistari yake mwenyewe. Ameitisha 3,000. Nimelipa nusu.