Siku Hazionekani, Mtaa Unawaza Mimba Tu

Staa wa Bongo akiweka picha mbili, kabla na baada, kiuno kimekatika, komenti zinajaa moto. Mabinti wa Mtendeni pale Tabora nao wanaanza: asubuhi maji ya limao, mchana hamna kitu, usiku tango. Michembe na karanga za bibi eti zinaharibu figa. (Isifananishwe na funga, funga ina futari na daku.)

Miezi mitatu baadaye binti haoni siku zake, na majirani washapiga hesabu: mimba. Kipimo kinasema hapana, stori inaishia hapo. Hakuna anayemuuliza anakula nini.

Mwili hauijui Insta, unaijua njaa. Homoni ya leptini ikishuka, ubongo unaacha kuziamrisha ovari, estrojeni inapungua, na mifupa inadhoofika katika umri uleule ambao ilitakiwa ijijenge. Tezi ya shingoni nayo inapunguza kasi, ndo maana mtu anasikia baridi na jua lote lile la Tabora. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea walilishwa nusu shibe kwa miezi sita. Nishati ambayo miili yao ilitumia ikiwa imepumzika ilishuka karibu asilimia 40. Wanaume wazima hao! Kwa hiyo binti akirudia kula na kilo zikarudi fasta, siyo uroho.

Wanaoandika "umetisha dada" chini ya mbavu zinazohesabika wanachangia. Kipimo kikisema hapana, Kitete ipo hapohapo mjini, na swali la kwanza liwe jana alikula nini.